Mbuzi Aitwaye Prisila

Dada yangu Prisila alikuwa mtu wa kucheka. Hata msibani ilibidi umfinye. Kwa hiyo aliponiambia kwamba yeye na mumewe, Anselmo, wanakwenda Sitalike kutembea, niliwahurumia viboko wa Mto Katuma.

Ilikuwa Juni, mwaka 1996, shule zimefungwa. Shemeji Anselmo alikuwa mwalimu hapa Mpanda, na tangu wafunge ndoa walikuwa hawajatoka zaidi ya sokoni na kanisani. Aliazima kamera, akaomba lifti kwenye lori la mahindi, wakaondoka. Wangelala kwa Mzee Malale, mfugaji aliyefahamiana na shemeji mnadani. Mzee huyo nilishakutana naye. Alinisalimia vizuri, akaniuliza jina langu, na nilipomwambia akaniuliza tena. Sikumpenda, na sababu sikuwa nayo.

Mengine ninayosimulia niliambiwa na wao wenyewe. Ya mwisho niliyaona kwa macho yangu.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Walisimama darajani wakitazama viboko waliolundikana kwenye tope, dada akasema yule mnene anafanana na shemeji akiamka. Huko kwa Malale wakakuta ng'ombe, kondoo, kanga, na bata mzinga aliyemfukuza shemeji kuzunguka ghala, mwenyewe amekumbatia kamera ya watu. Mifugo yote ilikuwa na alama moja. Sikio la kushoto lilikatwa pembe ya chini, kama wafugaji wanavyofanya ili mali isipotee. Kitoto kimoja tu cha mbuzi, cheupe, kilikuwa na masikio mazima.

"Huyo bado hana jina," Malale alisema. "Hapa kwetu kila mnyama ana lake. Mpe wewe, mwanangu."

"Basi aitwe Prisila, kama mimi!" Dada akakibusu kwenye paji la uso.

Shemeji akapiga picha. Malale akacheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko utani wenyewe.

Kabula, mke wa mtoto wa Malale, alikuwa anatwanga karibu yao. Akaacha kutwanga. Alikuwa kijana, mkimya, kilemba kimemfunika masikio yote. Dada alipokwenda kumsaidia, Kabula alinong'ona bila kuinua uso.

"Dada, kwa nini umempa jina lako?"

"Ni utani tu."

"Jioni baba akiita, usiitike."

"Akiita nani?"

Kabula akainua mchi, akaendelea kutwanga.

Dada alimhadithia mumewe, wakacheka wote wawili. Ila shemeji aliniambia baadaye kwamba kicheko cha dada kilikatika katikati.

Jua lilipoanza kuzama, Malale alisimama mlangoni mwa zizi, akaita mifugo yake kwa majina. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Akiita, mmoja anajitenga na kundi, anaingia. Shemeji alipendezwa, akasema hata darasani kwake nidhamu hiyo haipo.

"Kabula!" Malale aliita.

Ng'ombe mwekundu akaingia. Nyuma yake Kabula aliweka ndoo chini, naye akaingia. Dada alifikiri anakwenda kukamua. Lakini ndoo ilibaki nje.

"Prisila!"

Sisi tulilelewa. Mtu mzima akikuita, unaitika hata kama una tonge mdomoni. Mama alitufundisha hilo kwa fimbo.

"Abee!" dada akaitika.

Kitoto cha mbuzi hakikuingia. Kilibaki nje, kinamtazama yeye. Malale akaufunga mlango wa zizi kwa miti.

"Ameingia," alisema.

Asubuhi hereni moja ya dada haikuonekana. Pale ilipokuwa inaning'inia, sikio la kushoto, palikuwa pamekatwa pembe. Hapakuwa na damu. Kovu lilikuwa kavu, kama la zamani.

"Panya," Malale alisema. "Panya wa huku wabaya sana."

Walirudi siku hiyo hiyo. Walipopita darajani, dada hakugeuka kuwatazama viboko.

Tangu hapo ikawa mchana tukimwita hasikii. Mpaka umguse. Lakini jua likizama, bila kuitwa na mtu, anasema, "Abee!" Anainuka. Anakwenda mlangoni. Macho njia ya Sitalike.

Mimi na mama tulihamia kwake, pale mtaa wa Ilembo. Kila jioni tulimshika, mama mkono huu, mimi mkono ule, mpaka giza liingie. Alikuwa na nguvu za ajabu. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa siku ambayo mikono yetu ingemkosa.

Shemeji akaamua kwenda kumchukua yule mbuzi. Malale hakukataa, wala hakutaka hata shilingi.

"Mchukue," alisema. "Huyo hajawahi kuingia zizini. Yuko nje tu, analia."

Shemeji alimtafuta Kabula kwa macho, hakumwona. Ndoo ilikuwa pale pale, nje ya zizi.

Jioni hiyo dada hakusema abee. Jua lilizama ametulia, anamenya viazi vitamu.

"Prisila," nilimwita.

Akageuka! Akacheka, kicheko chake kile kile. Mama alipiga magoti akamshukuru Mungu. Tulijua shemeji amempata mbuzi, na yamekwisha.

"Ngoja nikamwage maganda," dada alisema.

Uwani kwao kumezungushiwa mabati. Mlango ni mmoja, huo wa jikoni, na sisi tulikuwa tumekaa jikoni.

Tulisubiri.

Tukatoka.

Beseni lilikuwa chini. Maganda yalikuwa bado yamo.

Shemeji alifika giza limeshaingia, mbuzi kwenye kamba, nikamfungulia mlango wa mbele. Mama alikuwa anazunguka uwani, analia. "Prisila! Prisila, mwanangu!"

Mbuzi alivuta. Kamba ikamponyoka shemeji. Mbuzi akapita katikati yetu, akaingia ndani. Nyumba hiyo hajawahi kuiona. Akavuka sebule. Akasukuma mlango wa chumba. Akapanda kitandani, akalala upande wa ukutani.

Ndio upande wa dada.

Polisi walikwenda kwa Malale. Walikuta mifugo, na mzee mkarimu aliyewapa maziwa mgando.

Mpaka leo mbuzi huyo yuko kwa mama, na hakuna anayethubutu kutaja kisu. Masikio yake ni mazima. Ila la kushoto lina tundu dogo, la kupitisha hereni. Hatukumtoboa sisi. Mama humwita kwa jina, naye huja mbio. Mimi nimekataa. Jina lile ni la dada yangu, na bado namsubiri. Mimi humwita mbuzi.

Hageuki.