Kompyuta Isiyoitika

Kila Jumanne baada ya masomo, Sindano alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Walimwita hivyo kwa wembamba wake, na pia kwa ulimi wake mkali. Alipangusa meza, akafungua kisanduku na kutoa kompyuta ndogo ya shule, ubao mmoja tu usiozidi kiganja.

Siku hiyo aliuunganisha na laptop kwa waya wa USB, kama walivyofundishwa. Taa nyekundu ikawaka. Akaandika amri ya kuuita. Kimya. Akarudia. Kimya tena. Na kesho yake wazazi walikuwa waje kuona ubao huo ukipima maji ya tangi la shule!

Sindano akamtupia jicho la pembeni mwenzake wa meza, msichana mgeni ambaye baba yake alikuwa fundi simu. Siku ya Ijumaa alimkuta ameinamia kisanduku kile peke yake. Na sasa mbona anakwepa kumtazama? Dalili ya mvua ni mawingu, Sindano akajisemea.

"Ijumaa ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa napangusa vumbi tu."

"Vumbi! Sema umebadilisha ubao, mzuri ukampelekea baba yako."

Machozi yakamlengalenga mgeni. Wanafunzi wengine wakaanza kunong'ona. Mmoja akavuta begi lake karibu.

Mwalimu wa kompyuta, mama asiyejua haraka, akasogeza kiti. "Umempima mtu kabla ya kupima mashine. Haya mwanangu, taa inawaka?"

"Inawaka, mwalimu."

"Basi umeme unapita. Laptop inaona mtandao mpya, ule ubao unaouleta kupitia waya?"

"Haioni."

"Tutabadilisha kitu kimoja kimoja."

Wakachomeka kwenye tundu jingine la laptop. Kimya. Wakachukua ubao mwingine kabatini, wakauunganisha kwa waya uleule. Kimya vilevile.

"Kumbe ubao wenu hauna kosa," mwalimu akasema. Akaurudisha mezani, kisha akatoa waya wake mkobani. Mara hii laptop iliita, na ubao ukaitika. Majibu yakashuka kwenye kioo mstari kwa mstari.

Mwalimu akauinua ule waya wa kwanza. "Huu ni wa kuchajia tu. Unapitisha umeme, haupitishi taarifa. Si wa shule. Umetoka wapi?"

Masikio ya Sindano yakawaka moto. Ijumaa jioni alibeba waya wa shule akamchajie dada yake simu. Asubuhi ya leo, mbiombio, aliokota wowote kwenye droo ya nyumbani akautia kisandukuni. Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, macho yote yatabaki kwa mgeni.

Akasimama. "Ni mimi, mwalimu. Niliuchukua bila ruhusa, nikarudisha usio wenyewe." Akamgeukia mwenzake. "Nisamehe. Nimekusingizia bure."

Mgeni akafuta macho kwa kiganja. "Ungenionyesha tu huo waya. Baba ana ndoo nzima ya nyaya za hivyo."

Mtu akacheka, na chumba kikapumua.

"Kesho waya wetu uwe hapa kabla ya kengele," mwalimu akamwambia Sindano. "Na mwenzako ndiye atakayewaeleza wazazi kazi hii. Kushuku si vibaya, mwanangu. Fundi hushuku kila kitu. Lakini hujishuku na yeye mwenyewe, kisha akapima, ndipo akasema. Wewe ulimshuku mtu mmoja, ukamhukumu papo hapo. Umekiri, na hilo ni jema. Siku nyingine anza na mkono wako mwenyewe."