Mashine Iliyoacha Kukojoa

Ukungu ulikuwa umelala juu ya Mto Baleh, na mto wenyewe ulipita chini yake bila sauti. Mama Mindu aliosha sufuria kwenye gati la magogo. Nyuma yake, binti yake Mindu alishuka ngazi ya nyumba ndefu, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Unaumwa?"

"Kidogo. Unakuja, unapotea."

"Basi tunaondoka sasa hivi. Muuguzi alisema usingoje uchungu ukiwa huku juu."

Kliniki ilikuwa mbali, kwenye makutano ya mito. Boti nyingine zote zilikuwa zimeshuka na watu kwenye harusi. Ilibaki ya Baba Mindu, na Baba Mindu aliipenda mashine ya boti yake kuliko kitu chochote alichonacho. Kila aliporudi safarini aliibeba begani hadi ruai, ile baraza ndefu ya watu wote. Akaifuta, akaitundika kwenye kigogo mbele ya mlango wake, ili kila anayepita aione.

Waliondoka. Miti ilitokea ndani ya ukungu, ikawatazama, ikarudi ndani. Mindu alifumba macho. Hata Mama Mindu, mtu asiye na muda wa kuota, alihisi kama boti imesimama na kingo za mto ndizo zinazotembea.

Kisha akasikia harufu ya mpira unaoungua. Mashine ilikohoa, ikazima. Boti ikaanza kuzunguka taratibu, kama jani.

Baba Mindu alichota maji kwa kata. "Imepata joto. Naipoza."

"Una hakika?"

"Hapana."

"Basi weka kata chini. Shika upondo. Turudi kwa Mama Lanting."

Mama Lanting, jirani yao, alikuwa ameendesha boti ya wanafunzi kwa miaka mingi. Hakwenda harusini kwa sababu ya goti. Aliwakuta gatini wakihema.

"Mliimwagia maji?"

"Hapana," alisema Mama Mindu.

"Vizuri. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Iache ipoe yenyewe. Shemeji, kabla haijazima, ilikuwa inakojoa?"

Baba Mindu alikuna kichwa. "Mimi naangalia mbele."

"Angalia na nyuma. Mashine hunywa maji ya mto kupitia matundu ya huu mguu unaozama majini, yanazunguka ndani kuipoza, mengine yanatoka kwenye kitundu hiki. Yakiacha kutoka, zima hapohapo."

Mashine ilipopoa, alipitisha vidole kwenye matundu ya mguu. Hakukuwa na mchanga wala jani. Akaingiza waya mwembamba kwenye kitundu cha juu. Kilikuwa wazi.

"Basi ni pampu. Imewahi kuwashwa nje ya maji?"

Baba Mindu alitazama mto. Mkewe akamjibia.

"Siku ya Gawai, kwenye sherehe ya mavuno. Wageni walikuwa wamejaa ruai, pombe ya mchele imewakolea, akaiwasha palepale kwenye kigogo waisikie."

"Ilinguruma muda gani?"

"Mpaka walipomaliza kupiga makofi."

"Lo, shemeji. Hii ni mashine, si jogoo wa kuwikia wageni." Mama Lanting alishaanza kufungua skrubu za mguu. "Ndani ya pampu kuna gurudumu la mpira lenye mapezi. Maji ndiyo mafuta yake. Bila maji linaungua kabla hujameza funda lako la pombe."

Akalitoa. Lilikuwa jeusi, limekauka, na mapezi mawili hayakuwepo. Nyumbani kwake alikuwa na gurudumu jipya la mashine kama hiyo, akalileta. Alilipaka sabuni kidogo, akalizungusha upande uleule linaozungukia, likaingia.

Kwenye ngazi, Mindu aliguna. Safari hii mgongo haukuacha kuuma upesi.

"Funga tuondoke," alisema Baba Mindu.

"Mapezi yaliyokatika yako wapi?" aliuliza Mama Lanting.

"Yameshakatika, yana kazi gani tena? Mtoto anaumwa."

"Yamo kwenye njia ya maji. Ukiyaacha, mashine itazima tena. Na chini huko hamna mtu wa kuwavuta."

Wote wawili walimgeukia Mama Mindu. Alimtazama binti yake akivuta pumzi. Akilini aliyaona maporomoko ya maji yenye mawe kule chini, na boti ikizunguka taratibu.

"Yatafutwe," alisema. "Mindu, njoo unishike mkono. Ukizidiwa, niminye."

Pezi moja lilionekana haraka. La pili lilikuwa limejibana juu kwenye bomba la maji, na Mindu aliminya sana mkono wa mama yake kabla koleo halijalitoa.

Walishusha mashine mtoni, wakaiwasha. Uzi wa maji ukaruka kutoka kwenye kitundu. Mama Lanting aliukinga kwa kiganja. "Vuguvugu. Nendeni."

Mama Mindu alikaa amegeukia nyuma safari nzima. Jua lilikuwa limekula ukungu, na ule uzi wa maji uling'aa pembeni mwa mumewe, haukatiki. Mindu alilala na kuamka, akalala na kuamka. Walifika. Jioni alizaliwa mtoto wa kike, analia kwa nguvu zake zote.

Siku ya kurudi, mto ulikuwa umebeba majani mengi. Katikati ya safari Baba Mindu alizima mashine bila kuambiwa. Akaiinua, akabandua jani pana lililoziba matundu ya mguu, akalitupa. Akaishusha, akawasha, akangoja mpaka maji yakaruka. Hapo ndipo alipoangalia mbele.

Kifuani kwa Mindu, mtoto aliendelea kunyonya.