Friji la Bure la Munira

Umeme ulikatika Tandika nzima saa nne asubuhi. Feni zikazima, saluni zikazima, ila friji la dukani kwa Munira likaendelea kunguruma kama limeshiba.

Munira, mjanja wa mtaa kwa maneno yake mwenyewe, hakushtuka. Friji la bure hilo. Watu wa juisi walilileta na pikapu linalopiga singeli, naye akasaini mkataba wa kurasa sita bila kusoma hata mstari. Asome, watu waseme mshamba? Watu hao wa juisi wakamwonya asiweke humo kitu kisicho chao. Akacheka. Duka gani Tandika lina friji la kampuni lisilo na samaki wa mtu ndani? Yeye aliweka maziwa yake ya kifua, ili akienda sokoni Mabibo kununua nyanya za duka, mama mkwe wake, Bi Tabu, amnyweshe mwanawe Kondo.

Siku tano mfululizo chupa ilikutwa tupu, kifuniko kimebana vilevile. Akamshuku mama mkwe, wakanuniana.

Mchana huo, umeme bado haujarudi, alifungua friji, harufu ya udi na utosi wa kichanga ikamjaa puani, na kule nyuma ya juisi, ambako mkono haufiki, kitu kikawa kinanyonya, taratibu, kikipumua kwa pua kama Kondo anavyopumua akishika titi, hata Munira akageuka kumtafuta mwanawe, akamwona mikononi mwa bibi yake, analia njaa.

Akaitwa Mzee Khalfani, msomea majini. Akaomba mkataba kwanza.

"Hukusoma huku chini?"

"Herufi ndogo, mzee, kama sisimizi."

"Ziliandikwa ndogo kusudi." Akasoma kwa kunong'ona: "Mteja akiweka chakula cha nyumbani, amemkaribisha mlinzi wa friji. Mlinzi akila mara tano, ni wa nyumba hiyo."

Bi Tabu alikaa chini sakafuni. Alijua, kama mtaa mzima unavyojua, kwamba aliyeshiba maziwa ya mwanamke mara tano kidini ni mtoto wake wa kunyonya. Hicho kitu sasa ni ndugu yake Kondo.

"Mtoe, mzee," Munira akanong'ona.

"Jini ningelitoa. Mtoto simtoi kwa mama yake, mwanangu."

Akabeba mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Munira akampa Kondo titi. Halikutoa kitu. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Ndipo ndani ya friji kikalia kingine, kwa sauti ileile, na kanga ya Munira ikalowa kifuani.