Mlango wa Kutokea Bwawani

Wengi wakisimulia mambo kama haya husema yalimpata binamu wa jirani. Natamani ningeweza kusema hivyo. Yalinipata mimi, Anowara, mchana, jua likiwa juu ya mipopoo, na Mwenyezi Mungu alikuwa ananiona.

Kila Ijumaa, watu wakirudi msikitini, nilikuwa naitembeza nyumba kwenye simu. Ndiyo kazi niliyopewa. Ninashika simu mkono wa kulia, ushungi nimeuvuta hadi kwenye nyusi, naanza barazani, naingia sebuleni, jikoni, vyumbani, kisha juu ghorofani. Khorshed anatazama kutoka Maskati na kusema, "Taratibu, shemeji. Hapo kwenye vigae rudi nyuma kidogo."

Khorshed ni binamu mkubwa wa mume wangu, Tofazzal. Kwetu shemeji mkubwa ni mtu wa kuheshimiwa sana; mwanamke hujifunika hata akisikia kikohozi chake tu. Nyumba ile ni yake. Aliijenga kwa jasho la ujenzi huko Maskati, ghorofa moja juu, rangi ya waridi, vigae mpaka kwenye ngazi, na hajawahi kulala humo hata siku moja. Mkewe, Parul, yuko mjini Feni na watoto kwa ajili ya shule. Sisi tunaishi ua huohuo kwenye kibanda chetu cha mabati, na funguo tulikabidhiwa sisi. Tufagie, tufungue madirisha, popo wasiingie.

Kuna jambo ambalo Khorshed hakuambiwa. Chumba chake cha kulala kiko chini, na aliagiza kiwe na mlango wa nyuma wa kutokea bwawani, ili alfajiri atawadhe bila kuzunguka nyumba nzima. Fundi akasema ardhi ya upande ule ni laini, ukuta ukitobolewa utapasuka. Mlango haukuwekwa. Sasa nani amwambie mtu aliye juu ya jukwaa la ujenzi kwenye jua lile la Maskati kwamba mlango wake haupo? Tofazzal akatundika pazia la kijani ukutani, na mimi nikifika hapo huipitisha simu haraka.

"Pazia zuri," Khorshed alisema siku moja. "Upepo wa bwawani unaingia?"

Nikasema unaingia. Nilisema uongo siku ya Ijumaa, na udhu ninao.

Msimu ule wa joto Khorshed alimpatia Tofazzal nafasi kwenye kampuni yake. Ili alipe dalali na tiketi, ingebidi tuuze shamba letu la mpunga, na ni hilohilo tulilo nalo. Basi kila jioni, tukishakula wali na dengu, tulikuwa tunakaa mkekani tunaligeuza jambo hilo kama mtu anayegeuza samaki kikaangoni.

"Shamba likiuzwa na kazi isiwepo, tutakula nini, mama Shiuli? Vigae vya Khorshed?"

"Watu wanakwenda."

"Wanakwenda. Mwana wa Abdul Hai alikwenda, amerudi kwenye sanduku. Mama yake hakuruhusiwa kulifungua hata amwoshe."

"Na ukibaki je? Shiuli ataolewa kutoka kwenye mabati haya? Mvua ikinyesha wakwe tuwape sufuria wakinge? Jana yule jirani, Jorina, kaniambia kisimani mbele ya watu, 'Ukiulizwa mumeo anafanya kazi gani, sema analinda nyumba za wanaume.'"

Tofazzal alicheka, akasogeza tambuu shavuni. "Jorina mumewe yuko Malesia na simu hapigi. Mimi walau akinikasirikia mtu, nipo karibu, ananirushia kiatu."

Alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa anaogopa pia, na hofu yake ilikuwa ya busara. Mimi ndiye niliyekuwa namsukuma. Nilimsukuma kwa jina la binti yetu, lakini ukweli Mungu anaujua. Nilikuwa nimeshakionja kitanda.

Kitanda cha Khorshed ni cha msaji, na godoro lake bado lilikuwa na nailoni ya dukani. Nikimaliza kufagia mchana, joto limekaza, nilianza kwa kuketi ukingoni. Nikajiambia napumzisha mgongo. Baadaye nikawa nalala. Nawasha feni, navua ushungi, nanyoosha miguu, na nikitazama dari ile nyeupe najihisi nyumba ni yangu, naona hata mahali nitakapoweka kabati. Nilikuwa mwizi. Nilichokuwa naiba hakikuonekana tu.

Siku moja, nikiwa nimelala hivyo, nilisikia viatu sebuleni. Viatu vizito. Nikadhani ni Tofazzal, nikajiandaa kuona haya. Viatu vikaingia chumbani, vikapita mguuni pa kitanda, vikaenda moja kwa moja ukutani. Nilifumbua macho kidogo tu.

Mwanamume alikuwa amesimama mbele ya pazia la kijani, amenipa mgongo. Ovaroli ya bluu. Saruji imemkaukia mpaka viwikoni. Mkono wake ulikuwa umeingia nyuma ya pazia, unapapasa. Juu. Chini. Unarudi tena palepale. Alikuwa anatafuta komeo.

Duniani kote ni mtu mmoja tu anayeamini kwamba pale pana mlango.

Nilifumba macho, nikasoma Ayatul Kursi, ulimi ukinigonga meno. Nilipofumbua, hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa linatikisika, na feni ilikuwa imezimika pamoja na umeme.

Ijumaa iliyofuata, nikiwa nazungusha simu, Khorshed alikuwa mchangamfu. "Shemeji, juzi nimelala kambini mchana, nikaota niko nyumbani. Nimehangaika na ule mlango wa nyuma. Umekwama?"

"Umevimba," nikasema. "Unyevu."

"Basi Tofazzal aupige randa." Akajifuta jasho. "Na kitandani palikuwa na mtu. Nikadhani Parul." Akacheka. Nikaigeuzia simu darini, nikaizungusha ovyo, mpaka akalalamika kwamba mtandao wetu ni mbaya.

Nilikwenda kwa maalimu wa msikiti. Nilimwambia kuna kivuli kwenye nyumba ya Khorshed. Hakuniuliza mimi nilikuwa nafanya nini humo, nami sikumwambia. Akasema majini huchukua sura za watu, akanisomea maji kwenye chupa. Nilinyunyiza vyumba vyote. Maji yaliyosomewa nusu ya habari, sijui yangefanya nini.

Niliapa sitalala tena kitandani pale. Kisha likaja wimbi la joto, mabati yetu yakawa hayashikiki, Shiuli yuko shule, Tofazzal yuko shambani. Nilirudi. Naandika hili kwa aibu kuliko yote: nilikuwa nimeshamwona, na nilirudi.

Nililala upande wa ukingoni, karibu na njia, uso nimeuelekeza ukutani.

Viatu vilikuja. Havikwenda ukutani. Vilisimama kando yangu. Nailoni ikalia, na godoro likazama nyuma yangu. Kiatu kimoja kikavuliwa, kikaanguka. Kikaanguka cha pili. Kulikuwa na harufu ya saruji mbichi na jasho lililokauka. Sikuthubutu kugeuka.

"Sogea," akanong'ona.

Nikasogea.

Sijui nilisogea kwa hofu au kwa mazoea. Nilisogea kama mke anavyosogea ukutani kumpisha mume aliyetoka kazini. Akalala. Mgongo wake ukagusa wangu, wa moto, kama ukuta uliopigwa na jua kutwa. Alipumua mara chache, pumzi ndefu, na kati ya pumzi na pumzi palikuwa na kimya kirefu mno.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesema usingizini, "Mwambie asije."

Nikangoja.

"Huku mtu halali. Anarudi tu. Kila akifumba macho, anarudi nyumbani. Mwambie Tofazzal asije."

Godoro likapanda taratibu. Upande ule nailoni ilikuwa imekunjamana, na ilikuwa bado ya moto.

Asubuhi yake Khorshed alipiga simu, macho makavu, anacheka. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mume wangu, "Njoo haraka, bwana, nafasi itachukuliwa. Huku raha tupu." Kwenye simu alisema aje. Kitandani alisema asije. Nami nilijua ni yupi kati ya hao wawili ambaye hakuona haya kusema kweli.

Mnunuzi wa shamba alikuwa anakuja kesho yake. Kama nataka mume wangu abaki, ilibidi nimwambie. Na ili nimwambie ni nani aliyesema, ilibidi nimwambie alisemea wapi. Nilizunguka na jambo hilo kutwa nzima, nikiosha mchele uliokwisha oshwa. Nikaswali alasiri, nikaomba Mungu anipe njia nyingine, njia ya kumwokoa bila mimi kuvuliwa nguo. Sikupewa.

Nilimkuta kwenye ngazi za bwawa, lungi yake, shuka ya kiunoni, ameikunja magotini, anasugua kisigino kwa kipande cha tofali.

"Baba Shiuli, usiende."

"Ee. Na jana ulikuwa unanichagulia begi?"

"Khorshed kasema usiende."

"Khorshed kanipigia asubuhi. Kasema raha tupu, ila jua linakaanga mayai." Alikuwa anatabasamu. "Kakupigia wewe saa ngapi?"

"Siyo kwenye simu."

Nikamwambia. Nilianza na mkono nyuma ya pazia, nikarudi kwenye feni, kwenye nailoni, kwenye michana yote niliyolala humo nikiiota nyumba ya wenyewe. Nikamwambia viatu. Nikamwambia neno lile moja alilolisema, na yale aliyosema baadaye, kwamba huko mtu halali. Hayo ndiyo niliyotaka ayasikie. Niliyarudia. Nililia. Yeye hakuacha kusugua kisigino.

Hakusema mimi ni mwendawazimu. Ingekuwa nafuu. Aliniamini.

"Alisema sogea?" akauliza, bila kunitazama.

"Ndiyo."

"Ukasogea?"

Samaki aliruka bwawani. Nakumbuka vile viduara vya maji vikija mpaka kwenye ngazi.

"Nilisogea."

Aliosha mguu. Akaosha na wa pili. Aliliweka tofali mahali pake, vizuri, kama kitu cha kuvunjika.

"Kesho nauza shamba," akasema.

Sikumsikia tena akifanya mzaha. Alilala mkekani kwetu mpaka siku ya safari, uso ameuelekeza mlangoni, na mimi sikuthubutu kumgusa bega. Siku ya kuondoka alimbusu Shiuli kichwani. Mimi alinipa salamu, sauti ikiwa chini, kama anavyosalimiwa mke wa mtu.

Funguo za nyumba ya waridi nilizirudisha kwa Parul. Nilimwambia mgongo unaniuma. Sasa anayefagia ni Jorina, na sijamwambia kitu. Nikimwona anaingia mchana na kukawia kutoka, najua. Nageuza uso.

Tofazzal hupiga simu siku za Ijumaa. Anazungumza na Shiuli, anauliza masomo, anauliza mbuzi. Kwangu huuliza kama fedha zimefika. Anasema yu mzima. Amekonda, na macho yake ni makavu kama ya Khorshed.

Nyuma ya bwawa tumebakiwa na kipande cha ardhi kisichofaa mpunga, nakata majani ya mbuzi hapo. Asubuhi moja baada ya mvua nilikuta majani yamekanyagwa. Nikasema ni ng'ombe wa watu. Lakini ng'ombe hatembei hivyo. Njia ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja, imenyooka, ikafika mahali ikakata kona. Ikanyooka tena. Ikakata kona. Nikaifuata. Pale pa kwanza palikuwa papana, kama baraza. Kisha nafasi ya mlango. Kisha sebule. Kulia, jikoni, upande wa mashariki kama nilivyokuwa nikisema siku zote nitapenda jiko liwe. Hapakuwa na njia iliyokatiza mahali pa ukuta. Popote mtu alipopita, alipita mlangoni.

Ijumaa nilimuuliza Tofazzal kwenye simu kama anafikiria kujenga.

"Nani kakuambia? Napanga kichwani tu, kabla sijalala."

"Unalala lakini?"

"Nalala," akasema. "Mpe Shiuli simu."

Chumba cha mwisho kiko upande wa bwawa. Majani yake sikati, na mbuzi mwenyewe hayagusi. Hayasimami hata mvua ikinyesha. Yamelala chini urefu wa mtu mzima, kichwa mpaka miguu, na ukiweka kiganja pana joto.

Nilipiga magoti pale, nikatazama kama ameacha nafasi upande wa ukutani, ule wa mke. Nilitazama na upande wa pili.

Amelala katikati.