Barua ya Usipa

Kila Jumamosi asubuhi Vitalia na Lidia, wanafunzi wa darasa la saba mjini Mbinga, walifagia ofisi ya Mwalimu Tereza, kisha wakamsaidia kusoma barua pepe za shule.

Lidia alikuwa mwepesi. Aliandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, barua ikaja. Vitalia alizipitia moja moja kuanzia juu, akisoma hata matangazo ya mbegu.

"Mwenzetu anachambua kahawa!" Lidia alimtania. "Punje hii, punje ile. Utamaliza Krismasi!"

Mwalimu alicheka. Vitalia naye alicheka, ila kwa meno tu. Ndani wivu ulichemka kama maharage ya shule. Hesabu, Lidia! Kompyuta, Lidia! Hata kufagia alisifiwa Lidia, na ufagio walishika wote wawili.

Jumamosi moja Mwalimu aliingia akihema. "Wanangu, majibu ya insha zenu za dagaa yalitumwa wiki iliyopita! Mshindi atakwenda Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kusoma insha yake. Tusipothibitisha kabla ya saa sita leo, nafasi anapewa mwingine."

Ilikuwa saa tano na nusu. Lidia aliandika "dagaa". Hakuna. Akaandika "shindano". Zikaja barua za mpira wa miguu.

"Labda hawakutuma," alisema, sauti imemshuka. Ziwa alikuwa hajawahi kuliona.

"Niachie mimi," alisema Vitalia.

Akaanza kushuka. Mitihani. Chanjo. Mbegu. Kisha: "Siku ya Usipa." Usipa! Kwa bibi yake kule ziwani hakuna aliyesema dagaa; dagaa lilikuwa neno la shuleni. Akafungua. Mshindi: Lidia Ndunguru.

Lidia tena! Akaifunga barua, akashuka chini zaidi, ikapotea kwenye lundo.

"Vipi, Vitalia?" Mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, Mwalimu."

Dakika zikapita. Lidia akafuta macho kwa kiganja. "Basi, Mwalimu, tuache. Kama Vitalia hajaiona, haipo. Yeye harukii kitu."

Maneno hayo yalimchoma Vitalia kuliko utani wote wa kahawa. Akainuka.

"Ipo. Nimeiona, nikaificha. Umeshinda wewe."

"Umeificha? Kwa nini, dada?"

"Wivu."

Lidia alimtazama, asijue acheke au alie. Mwalimu hakusubiri, alivuta kiti, Vitalia akamfungulia barua ile, naye akaijibu zikiwa zimebaki dakika kumi. Ndipo akamgeukia Vitalia.

"Umekosea, na adhabu yako utaipata Jumatatu. Lakini umesema mwenyewe, tena kabla ya saa sita. Ungenyamaza, Lidia angekosa safari mara moja, na wewe ungekosa usingizi kila siku. Sasa nisikilizeni wote. Anayetafuta kwa neno hupata upesi kile anachokijua jina. Anayepitia moja moja hukutana na kile ambacho hakujua kinaitwaje. Kompyuta haikujua kwamba usipa ni dagaa, Vitalia alijua. Shule hii inawahitaji nyote wawili. Wivu ndio hatuna kazi nao."

Kisha akatabasamu. "Na wewe Lidia, kaa hapa mwenzio akufundishe Kinyasa kidogo. Ukisimama mbele ya wavuvi ukawaambia 'dagaa', watakuchambua wewe!"