Mkono Uliomwaga Mwisho

Sakafu ilikuwa na joto. Ilikuwa saa moja asubuhi, mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya mnaijua, lakini pale kwenye kona ya banda la gari la zimamoto Sosthenes alikanyaga pekupeku akarudisha mguu upesi.

Gari lenyewe halikuwepo. Wakubwa walikaa vikao vyao wakaamua kituo kile kidogo cha huku Ilomba kifungwe, gari lihamie upande wa pili wa jiji, naye Sosthenes abaki analinda kuta. Jana yake mchana kweupe chumba cha Mama Mercy, fundi cherehani, kilishika moto. Watu walikimbilia kituoni kwa mazoea, wakakuta geti lina kufuli. Gari lilipofika kutoka huko mbali, likamwagia maji majivu. Leo majirani walikuwa wanampita Sosthenes bila salamu, utadhani yeye ndiye aliyelihamisha.

Tena kulikuwa na jambo jingine lililomkaa rohoni. Siku ya kuondoka, mkuu wake, Afande Joachim, alimkabidhi ndoo. "Kila asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni, mwaga maji pale konani. Kwa mkono wako." Sosthenes alidhani ni usafi, akawa anamwaga. Jana alidamka kwenda Mbalizi, hakumwaga.

Akajaza ndoo, akamwaga. Maji yalichemka chwaa, ikapanda harufu ya nywele zilizoungua, na chini ya saruji kitu kikashusha pumzi, kama mzee aliyeletewa chai yake.

Alimwita Mchungaji Isakwisa. Mchungaji alipiga magoti, akaomba muda mrefu, na kadiri alivyoomba joto lilizidi kupanda kupitia magoti, harufu ile ikawajaa puani, jasho likawatiririka kwenye baridi, mpaka alipofika mwisho wakaitika wote wawili, "Amina", na sauti ya tatu, chini yao, ikaitika pia.

"Mimi siliwezi hili," Mchungaji alinong'ona, akaondoka na Biblia kwapani.

Sosthenes akampigia Joachim. "Afande, chini hapa kuna nini?"

"Kilikuwepo kabla ya kituo. Kisipopewa maji, kinawasha nyumba za watu."

"Mbona wewe umeondoka?"

"Kinamshika aliyemwaga mwisho, hawezi kuhama hapo mpaka amwage mwingine. Kilinishika miaka kumi na moja, mdogo wangu. Walipoleta karatasi za kufunga kituo, nilisaini hata sijaketi." Akapunguza sauti. "Mpe mtu ndoo. Akimwaga mara moja tu, umetoka."

Na Sosthenes alitaka kutoka, tena sana. Kule Igowole mkewe Anjela alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Obeid, na hakuwa amemshika hata siku moja. Wiki tatu alimtazama mikono kila aliyefika getini: muuza mkaa, mlevi wa jirani, hata Mama Mercy aliyekuja kuomba kamba. Kila mmoja ana watu wake. Alishindwa, akajichukia kwa kuwaza vile. Akamwambia Anjela kwa simu kwamba likizo imekataliwa.

Anjela akaona isiwe taabu, akaja mwenyewe.

Alifika jioni, mtoto mgongoni. Sosthenes alilia waziwazi. Alitaka kumweleza, akampokea mtoto kwanza. Akasema moyoni atamweleza asubuhi, akishamwaga. Obeid alisumbua mpaka alfajiri, baba akawa anambembeleza, na alipompokeza mama yake akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu gari lilipoondoka.

Aliamka jua limeshaingia ndani. Akatoka mbio, hajavaa hata shati. Anjela alikuwa amesimama konani na mtoto mgongoni, amempa kisogo, ndoo imeinamishwa, tupu.

Sosthenes akahisi kifua kimekuwa chepesi ghafla, na wepesi ule ukamuumiza kuliko kitu chochote. Alifungua mdomo aseme. Kabla hajasema, sauti yake mwenyewe ikatoka chini ya sakafu, ya upole, ya mume aliyelala vizuri.

"Asante, mama Obeid. Utamwaga na kesho?"

Anjela akacheka bila kugeuka. "Nitamwaga, baba. Kila siku, wewe pumzika tu."