Seremala Aliyemwahidi Shetani Mchumba Wake

— Umeniuza?

Mchumba wangu aliinamia kazi karakanani kwake. Mtaa mzima ulimwita Randa kwa ufundi wake wa useremala, na randa yenyewe, kile chombo cha kulainishia mbao, aliendelea kuisukuma juu ya ubao kana kwamba swali kaulizwa mtu mwingine. Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi. Mkononi nilishika karatasi niliyoikuta kwenye droo yake nilipokuwa natafuta gundi.

— Randa, nasema na wewe. Huyu Shetani aliyetia sahihi hapa ni mteja kajipa jina, au ni yule yule?

— Ni yule yule.

— Alikuja lini?

— Miaka miwili iliyopita. Unakumbuka tulivyokaa miezi mitatu hatujauza hata stuli? Akaingia, akasema kila nyumba mjini itataka kitanda changu. Nikakubali.

— Kwa malipo gani?

— Si umeshika karatasi? Soma.

Nikasoma kwa sauti: "Ikitimia miaka miwili, saa nane mchana, atachukua kile ninachokipenda kuliko vyote duniani."

Miaka miwili ilikuwa inatimia siku hiyo hiyo.

— Na ulipokuwa unasaini, ulijua ni nini hicho?

Akaweka randa chini.

— Nilijua ni wewe. Lakini niliona miaka miwili ni mingi, nitapata ujanja.

Nikakalia rundo la mbao. Mimi ndiye niliyepiga msasa na vanishi kila kitanda kilichotoka humo. Miaka minne nimekohoa lile vumbi nikijiambia najenga nyumba yangu.

Simu ikaita. Dada yangu. Nilikuwa nimemtumia picha ya karatasi.

— Mdogo wangu, toka humo! Kimbia sasa hivi!

— Sikimbii, dada.

— Una wazimu? Huyo ni Shetani!

— Na mimi ni mtoto wa mama yako. Aje anikute.

Saa nane kamili akaingia. Mwanamume wa makamo, shati jeupe, viatu vinang'aa. Karakana nzima ilijaa vumbi la mbao, ila yeye halikumgusa hata ncha ya kiatu.

— Habari za kazi? Nimemfuata bibie.

— Nani kakwambia ni mimi? nikamuuliza. Nikainuka kutoka kwenye zile mbao.

— Mwenye mkataba.

— Mkataba haunitaji. Unasema anachokipenda kuliko vyote. Hebu fikiri, wewe mwenye kujisifu akili. Mtu anayenipenda kuliko vyote angeweka sahihi hapa?

Shetani akamgeukia Randa, akamwekea kiganja kifuani kama daktari anayesikiliza mapigo.

Randa akaanza kutokwa jasho.

— Ni yeye! Naapa ni yeye! Mchukue, uniachie karakana yangu!

Maneno yalipomtoka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Yalikuwa yameshatoka.

— Umemsikia mwenyewe, nikamwambia Shetani. Chukua chako uondoke. Na usinikodolee macho, mimi si fungu lako.

Hakubisha. Alipiga kofi moja tu. Mashine ya kukatia, mbao, vitanda kumi na viwili vilivyongoja wenyewe, mpaka kibao cha mlangoni, vyote vikatoweka. Naye akatoweka navyo. Tukabaki wawili kwenye sakafu tupu.

Randa akaanguka pale ilipokuwa mashine, akalia kama amefiwa. Nilipotakiwa kuchukuliwa mimi, chozi hata moja halikumtoka.

— Mpenzi, nisamehe. Tuanze upya. Bila karakana mimi ni nani?

— Ni seremala. Mikono amekuachia. Nilikupenda ukiwa na hiyo tu, hukutaka kuniamini.

Nikatoka. Sitawadanganya, nililia njia nzima mpaka kwa dada. Dada alinipangusa vumbi usoni kwa kanga yake. Nilipotulia, nikaandika kwenye kundi la familia:

"Ndugu zangu, Jumamosi harusi hakuna. Bwana harusi kanitoa kwa Shetani, na Shetani kaondoka bila mimi. Ukumbi umeshakodiwa, chakula kipo. Njooni tule, nimepona."

Jumamosi walikuja wengi kuliko tuliowaalika. Shangazi akanivuta pembeni ya mlango wa ukumbi.

— Mwanangu, watu wamesimama wanakungoja. Sasa unaingia na nani?

— Na miguu yangu, shangazi. Waambie wafungulie muziki.